Wale Yesu wa Fundi wa Fremu

Ukutani mwa kibanda cha fundi wa fremu kulikuwa na Yesu ambao wenyewe hawakurudi kuwachukua. Picha nyingine zilizongoja wenyewe alizisimamisha chini zikiangalia mabati: maharusi, vijana wa mahafali, wazee waliokufa, wanasiasa waliotaka kura. Yesu peke yao ndio aliowatundika wakiangalia barabara. Nilimuuliza sababu. Alisema mtu akipita akamwona wake, huenda akakumbuka. Kwa miaka yote niliyokaa karibu naye sikuona mtu aliyekumbuka.

Mimi nilikuwa na duka la picha, ukuta kwa ukuta na yeye, kwenye ile barabara ya Kitale ambayo malori ya mahindi hupita yakienda kwenye maghala. Mimi nilipiga picha na kuzichapa, yeye alizitia mbao na kioo. Mteja alitoka kwangu na karatasi ikiwa bado na joto la mashine, akaingia kwake moja kwa moja. Yeye aliniita Mama Picha. Mimi nilimwita Fundi, na hata nilipokuja kuijua familia yake sikuona haja ya kubadilisha.

Alikuwa mrefu, na koti lake la kijivu hakulivua hata jua likiwaka vipi. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lake muda wote, na mara nyingi aliitafuta mezani huku akigombana na hewa, mpaka nimwambie ilipo. Vidole vyake vilijaa alama za kukatwa na vioo. Alikuwa Mbukusu wa upande wa Kimilili, na r na l alizibadilisha alivyopenda, kwa hiyo fremu kwake ilikuwa flemu maisha yote. Nikimcheka alinikumbusha kwamba wazazi wangu waliokuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya walikunywa shai hadi wakafa. Tukamaliza hapo, kila mtu akarudi kwa kazi yake.

Watu hawajui kwamba Yesu ana wateja wa kila aina. Mimi najua, kwa sababu ni mimi niliyewatafutia kwenye kompyuta. Mzee mmoja wa Kiminini alitaka Yesu asiye na damu hata tone, maana mkewe alikuwa na presha. Vijana wawili waliotoka kuoana walitaka Yesu mweusi, nywele kama zao, na Fundi akawatengenezea vizuri. Wiki haikuisha kabla mama mkwe hajamrudisha akiwa amembana kwapani.

"Huyu anafanana na yule mtu alituuzia ng'ombe mgonjwa," alisema. "Nipeni yule wa kawaida."

Wa kawaida, kwa wateja wetu wengi, ni yule mwenye macho ya bluu na nywele zilizochanwa. Fundi alimpa. Yule mweusi akabaki ukutani, na kwa kweli mchoraji wake hakujua kuchora mikono, akaificha yote ndani ya kanzu. Kando yake alikuwepo Yesu aliyeletwa na mwanajeshi mstaafu kutoka Ethiopia, macho makubwa yanayokufuata kila unakoenda. Mwanajeshi alilipa kidogo, akasema anakuja kesho, na hiyo kesho yake haijafika. Kulikuwa pia na wa sista mmoja aliyewahi kukaa Korea, Yesu amevaa kofia nyeusi ya wazee wa huko, ametulia kabisa. Watoto wa shule walisimama kumcheka huyo, halafu wakanyamaza wenyewe.

Na kulikuwa na mchungaji ambaye kila alipopita alituambia kwamba picha ni sanamu, na sanamu ni chukizo. Siku moja akaja na picha yake yeye na mkewe wameshikana mikono, kubwa kama mlango wa kabati, akataka fremu ya dhahabu. Fundi aliipima, akaandika namba kwenye mbao, akangoja mchungaji aondoke.

"Huyo hawezi kuweka Yesu," aliniambia. "Ukuta umejaa."

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na Yesu hata mmoja. Kanisa lao kule nyumbani halitundiki picha; watu huketi na kuomba, basi. Chumba chake cha mtaa wa Tuwan nilikiingia mara moja alipougua malaria, nikaona kuta tupu na msumari mmoja wa kuning'iniza koti. Nilimwambia ni ajabu mtu aliyewatia kioo Yesu wa nusu ya kaunti kulala bila mmoja wa kumwangalia. Akajibu akiwa ndani ya blanketi kwamba akimchukua mmoja, wengine watauliza wao wamekosa nini. Kumbe hata akiwa na homa alikuwa na majibu.

Kulikuwa na jambo moja la kazi yake ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo huwezi kuelewa yaliyofuata. Mteja akiingia, hata kabla ya salamu, Fundi aliuliza, "Nyeusi ama kahawia?" Mbao ya kahawia ilikuwa ya Yesu, ya harusi na ya watu walio hai. Nyeusi ilikuwa ya matanga. Huku kwetu mtu akifa, picha yake hukuzwa, ikatiwa kioo, ikabebwa mbele ya jeneza na kusimamishwa kichwani pake watu wakitoa hotuba. Hiyo ndiyo picha ambayo watu hulilia. Ukimwambia Fundi nyeusi, aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama bwana harusi amesimama hapo na suti, akasema "Pole," akaanza yako. Mabwana harusi wengi walimkasirikia. Yeye aliwaambia ndoa inaweza kungoja mpaka saa kumi.

Alikuwa mpole kwa wafiwa na mkali kwa wengine wote. Alimfukuza mwalimu mkuu mzima kwa sababu aligusa kioo na vidole vyenye mafuta ya maandazi. Vipande vya mbao vilivyobaki hakumpa mtu, lakini chai yake ya saa nne alimgawia yeyote aliyesimama karibu. Ukimsifu kazi alisema, "Yangu ni pembe nne. Katikati ni yenu." Alisema hivyo kwa wenye harusi na kwa wenye matanga, na kwa yule mchungaji pia.

Picha moja tu kibandani haikuwa na fremu. Ilikaa ukutani juu ya meza ya kazi, imeshikwa na pini kwenye pembe zake. Ilikuwa ya kijana wake wa kwanza. Nilimpiga mimi mwenyewe, picha ya kitambulisho, nyuma pazia la bluu, shati jeupe aliloazima kwa rafiki. Nilimwambia asicheke, akajikaza, ndiyo maana midomo ilikaa kama ya mtu anayeficha peremende. Alikuwa amemaliza Form Four, na alikuwa akimsaidia baba yake kupiga msasa, kazi ambayo hakuipenda na hakuificha. Siku moja akapanda lori la mahindi lililokuwa likipitia Lodwar kwenda Sudan Kusini, akasema huko kuna kazi ya mjengo. Alipiga simu kutoka Lokichoggio. Alisema wamefika salama na ameona ngamia wengi mpaka amechoka. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Niliikuza ile picha ili baba yake awaonyeshe madereva wa malori. Alipochoka kuizungusha aliibandika pale juu ya meza. Nilimwambia jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, litaila, aitie kioo.

"Nikitia kioo nitakuwa nimesema," akajibu.

"Umesema nini?"

Alichukua msumari akauweka mdomoni, akainama akaendelea na kazi. Sikuuliza tena. Picha ya kijana peke yake, imekuzwa, imetiwa kioo na fundi yule yule anayetengeneza za matanga. Hata mimi nilijua ingekuwa imesema nini.

Kwa muda haikuwa shida. Ikipauka nilimchapia nyingine, akabadilisha, ile ya zamani akaikunja na kuiweka ndani ya koti. Kisha wezi walivunja duka langu wakabeba kompyuta na kila kitu kilichokuwa ndani yake. Nililia kwa ajili ya kompyuta. Ilipita siku nzima ndipo nikakumbuka kwamba uso wa yule kijana ulikuwa humo, na sasa umebaki ule wa ukutani tu. Nilienda kumwambia Fundi. Aliiangalia ile picha, akaiangalia barabara, akasema, "Basi alejee mwenyewe."

Na habari zilikuja. Hicho ndicho kilichonichosha zaidi. Utingo mmoja alimwona Lokichar, ana rasta mpaka mabegani. Mama wa maharagwe alimwona Juba, amenenepa, ana mke wa kule na mtoto mgongoni mwa mke. Mtu wa Malaba akasema alimwona upande wa Uganda, kichwa kimenyolewa, anaongea Kiganda kama mwenyeji. Mama mmoja wa maombi alimwona kwenye ndoto, amevaa nguo nyeupe, na kwa hilo alitaka nauli. Fundi aliwapa wote chai. Aliwaamini wote, kila mmoja kwa ukamilifu.

Mimi si mtu wa subira. Siku moja nilimwambia, "Fundi, hawa watu hawawezi kuwa mtu mmoja. Mwenye rasta, mwenye upara, mnene, mwembamba. Unadanganywa."

Alinyoosha penseli kuelekea ukutani. "Na hawa je? Huyu ana nywele ya kizungu. Huyu mweusi. Huyu macho ya Mhabeshi, na huyu wa sista amevaa kofia. Si unasemanga ni mtu mmoja?"

"Hiyo ni tofauti, bana."

"Tofauti gani? Hakuna mtu alimpiga picha. Kila mtu amemuona vile amemuona. Na hakuna hata mmoja wenu anasema ati hayuko."

Nilirudi dukani kwangu nikawasha mashine ili nisisikie anachofanya.

Huko nyumbani, ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Mdogo wa yule kijana alitaka kuoa, na wazee wakasema hawezi kupita mbele ya kaka yake wakati mambo ya kaka yake hayajulikani. Wakaamua kufanya kama inavyofanywa mtu anapopotea na mwili usipatikane. Watakata mgomba, wauvike shuka, wauzike mahali pake, watu walie yaishe. Baba mkubwa wa kijana alikuja Kitale kuchukua picha. Fundi alikataa kuitoa. Alisema ataileta mwenyewe, na fremu atatengeneza mwenyewe, maana hakuna fundi mwingine wa kumshinda. Baba mkubwa akaridhika.

Jioni mke wa Fundi alinipigia simu. Yeye alikuwa akiishi nyumbani Kimilili, akilima, na Fundi alienda kila mwisho wa mwezi. Aliongea taratibu sana.

"Mama Picha, umwambie alete uso ya mtoto. Mimi siwezi kulilia mgomba."

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukata kioo.

Siku ya mazishi nilifunga duka, nikaenda Kimilili. Hema lilikuwa limejaa. Mgomba ulikuwa ndani ya jeneza la mbao nyepesi, umefunikwa shuka hadi juu, na kichwani pake pameachwa nafasi ya picha. Wanawake walikuwa wamemkalia mama pande zote, tayari kumshika. Fundi alikuja na kitu kikubwa kilichofungwa kwa leso. Alikisimamisha, akaifungua leso taratibu kama alivyofanya kila mara akimkabidhi mteja kazi yake. Alikuwa yule Yesu mweusi asiye na mikono. Mbao ilikuwa ya kahawia.

Hema lote lilinong'ona. Kiongozi wa kanisa, ambaye hajawahi kuombea watu mbele ya picha yoyote, alifunga Biblia. Baba mkubwa alisimama akasema kwa hasira, "Hii ni nini? Kijana yuko wapi?"

"Huyu alizikwa akaludi," Fundi alisema. "Mwekeni huyu."

Mama aliiangalia ile picha muda mrefu, halafu akamwangalia mume wake. Kisha akateleza kutoka kwenye kiti akakaa kwenye nyasi. Hakulia. Wale wanawake walibaki wamemshika mabega, hawajui waanze vipi, maana anayeliliwa hakuwepo hata kwa karatasi. Walizika mgomba katika ukimya wa ajabu, na Yesu akabebwa akatundikwa sebuleni kwa mama.

Nilimkasirikia Fundi. Nilimkasirikia sana, na mpaka sasa sijui kama nimemaliza. Nilimwelewa, lakini kumwelewa hakukunisaidia. Yeye alitaka mtoto awe hai, na kwa ajili hiyo alimnyima mama yake ile siku moja ya kulia. Tulikaa miezi kadhaa tukisalimiana kwa kichwa tu. Wateja ndio waliotupelekea habari.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yanakauka shambani, mama alishuka Kitale. Nilimwona akipita mbele ya duka langu na mzigo kwenye leso, amekonda, viatu vimepanguswa vizuri. Hakuingia kwangu. Alienda moja kwa moja kwa Fundi, akakaa kwenye benchi ya wateja. Nilitoka nikasimama mlangoni.

"Mimi nimekuja kama mteja," alisema. Akafungua leso, akamtoa Yesu mweusi, akamwegemeza kwenye mguu wa meza. "Nimeludisha huyu. Nimechoka kulilia Yesu wa watu. Nipe wangu."

Fundi alisimama na msumeno mkononi. Nilidhani atakataa. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kazi kuliko yeye, ukauliza, "Nyeusi ama kahawia?"

"Nyeusi."

"Pole," Fundi alisema. Akaweka chini kila alichokuwa akifanya, akaanza yake.

Aliniita nimshikie kioo. Alitoa pini moja moja kwenye ile picha ya juu ya meza. Chini ya vichwa vya zile pini, bluu ya pazia langu ilikuwa bado mbichi kama siku niliyoichapa. Kwingine kote karatasi ilikuwa nyeupe, na katikati ya weupe kulikuwa na kivuli cha nywele, nyusi, na kitu kama macho. Nilikuwa nimeiona kila siku, kwa hiyo sikuwa nimeiona kabisa. Fundi alikata kioo, kikakatika sawa. Akagonga misumari, akapangusa kioo na gazeti mara mbili, akampa mkewe kwa mikono miwili.

Mama aliipeleka mlangoni penye mwanga. Akaigeuza hivi, akaigeuza hivi.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Si ni yeye."

"Masikio iko wapi? Alikuwa na masikio ya baba yangu."

Fundi akaonyesha na penseli. "Si hii hapa."

"Hiyo ni doa." Aliisogeza karibu na macho. "Na alama ya jembe juu ya jicho, hapa kushoto?"

"Ilikuwa kulia," Fundi alisema polepole.

"Kushoto. Mimi ndio niliosha hiyo kidonda."

Walinigeukia mimi, wote wawili, maana ni mimi niliyempiga picha. Nilitafuta kichwani, nikatafuta tena. Nilikumbuka shati la kuazima, na midomo inayozuia kicheko. Alama ya jembe sikuikumbuka upande wowote. Iliniuma kuliko nilivyoweza kusema, kwa hiyo nilisema sijui.

"Umeacha jua ikamkula," mama alimwambia mume wake. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa nangoja."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

Mama aliiweka picha juu ya benchi kwa uangalifu, ikiwa imeangalia juu, akakunja leso yake tupu. "Niwekee," alisema. "Nitaludi kuichukua." Akaondoka kuelekea stendi ya magari ya Kimilili, na Yesu wake pia hakumchukua.

Niliingia dukani nikalia, mlango nikaurudisha. Asubuhi nilipofungua, Fundi alikuwa amewatundika wote wawili wakiangalia barabara, yule mweusi mahali pake pa zamani, na kijana kati yake na Mhabeshi, penye kivuli cha paa ambapo jua halifiki. Tuliamkiana kwa maneno siku hiyo, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliniuliza kama nimeiona penseli yake.

Hajaja mama. Malori yamepita, mavuno yameisha, watu wamepanda tena. Juzi mwanamume mmoja alileta picha kwa Fundi, na akiwa anangoja akawa anaangalia ukutani. Nilimsikia kupitia mabati.

"Hawa wengine nawajua. Na huyu Yesu wa fremu nyeusi ni wa wapi?"

Nilizima mashine.

"Wa Kimilili," Fundi alisema. "Hauzwi huyo. Mama yake ataludi kumchukua." Kisha nikamsikia akivuta meza, akamuuliza yule mtu kama yake ni nyeusi ama kahawia.